Kila Ekseli na Shehena Yake

Tafakari ya juma
Masomo: 2 Wafalme 22:1–13; Wagalatia 6:2–5



Yuko mzee wa usharika wetu hapa Makambako ambaye kwa miezi tisa sasa, kila nikienda kumjulia hali, nasalimiana na miguu yake. Miguu iko nje, mwenyewe yuko chini ya lori. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Mchungaji. Hebu nipe spana ya robo tatu. Siyo hiyo ya milimita, gari hili ni la inchi." Nimekaa sana kwenye kigoda uani pale, nikimpa spana na kupokea nati zenye grisi. Juma hili naomba niwagawieni nilichookota, maana kimenigusa mimi mwenyewe kabla ya kuwafikia ninyi.

Lori lenyewe ni Albion, kutoka Scotland. Walioishi zama zake watakumbuka alama ya jua linalochomoza pale mbele, kwenye rejeta. Kampuni hiyo ilianzishwa Glasgow mwaka 1899, ikachukuliwa na Leyland mwaka 1951, na ilipofika 1980 ikaacha kuunda magari. Ila kiwanda chake cha Scotstoun hakikufungwa. Kiliendelea kutengeneza ekseli na vyuma vinavyoendana nazo. Wenzetu hao walijinadi kwamba gari lao ni la kuaminika kama mawio ya jua, na malori yao yaliuzwa kwa wingi katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza.

Hili la mzee lilikuwa limelala zaidi ya miaka 30 nyuma ya mashine ya kusaga, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, siku mbili kabla watu wa skrepa hawajaja na mtungi wao wa gesi kulikatakata. Watoto wake walidhani uzee umemzidi. Hawakujua kwamba aliingia kwenye lori hilo mwaka 1967, akiwa kijana wa miaka 16, kazi yake taniboi, yaani utingo kwa lugha ya leo.

Wenye umri wanaikumbuka miaka ile. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru kule Rhodesia, na Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipita huko, ikageuzia macho Dar es Salaam. Barabara ya kwenda Zambia ilikuwa ya vumbi na tope, na mapipa ya mafuta yalipanda juu yake usiku na mchana. Ilipewa jina la Mbio za Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa halijafunguliwa, likaja mwaka 1968, na ujenzi wa reli ya TAZARA haukuanza mpaka 1970. Kabla ya hapo kila chenye magurudumu kilipakiwa. Kilichokosa mapipa kilipakiwa mahindi, na kilichokosa mahindi kilipakiwa watu. Mzee wetu alijifunza kazi kwa kulala juu ya magunia na kurukia chini gari likiwa linatembea, apate kuweka gogo nyuma ya tairi Mlima Kitonga.

Basi akaanza kulifufua. Injini ilifunguliwa, ikawekwa ringi mpya, pampu ikapimwa. Ikawaka. Majirani wakaja, akina mama wakapiga vigelegele. Siku ya kulijaribu barabarani, kilima cha kwanza tu, kilima ambacho bajaji hupanda na abiria watatu, lori likahema, likatetemeka, likazima. Mafundi wakatikisa kichwa: injini hiyo, imechoka. Ikafunguliwa mara ya pili. Halikuonekana kosa. Wakaifunga, wakarudi kilimani, hadithi ikawa ile ile, na sasa klachi nayo ikaanza kunuka. Hukumu ikabaki pale pale: injini mbovu.

Kisha akapita fundi mmoja mkongwe, mwenye jicho moja linaloona. Hakugusa injini. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akatazama kwa muda, akauliza: "Mzee, una hakika ekseli hii ni ya kwake?"

Wapendwa, swali hilo ndilo lililonifanya nibaki kwenye kigoda mpaka giza likaingia.

Kwa wasiojua, katikati ya ekseli ya nyuma kuna difu, nayo ndiyo inayopokea nguvu ya injini kutoka kwenye propela, ule mhimili mrefu wa chini ya gari, na kuipeleka kwenye magurudumu. Ndani yake mna gia mbili kuu: pinioni, ndogo, na krauni, kubwa kama sinia ya pilau. Pinioni ikiwa na meno 6 na krauni meno 41, propela itazunguka mara 6.83 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Gari la hivyo ni la polepole, lakini lina nguvu za fahali. Pinioni ikiwa na meno 7 na krauni 39, propela huzunguka mara 5.57 tu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Hilo ni la mbio. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika katika gia ya juu isiyopunguza kitu, kwenye tairi lenye mzingo wa mita 3.2, la kwanza litakwenda kama kilomita 56 kwa saa na la pili kama 69. Tambarare, wa 69 atamcheka mwenzake. Mlimani na mzigo mgongoni, kicheko kinahama.

Nilidhani kujua ekseli ya asili ya gari ni kusoma kibati tu. Kibati kilikuwepo kwenye kabini, kina namba, kinang'aa. Fundi mkongwe akakipuuza. Akachukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua chesisi yenyewe, tabaka baada ya tabaka, grisi, vumbi la barabara ya Zambia, rangi ya bluu, rangi ya kijani, mpaka kwenye chuma kitupu. Akapaka chaki, akafuta kwa kiganja, na namba zilizogongwa zikabaki nyeupe ndani ya mitaro yake. Hazikufanana na za kibati. Kabini ilitoka gari jingine, na kibati kilikuja nayo. Mzee alikuwa ameamini jina la mwingine kwa miezi yote ile.

Wakahamia kwenye ekseli. Kulikuwa na namba zilizochomoza kwenye gamba lake, mzee akafurahi, fundi akampoza: namba zilizochomoza zinatoka kwenye kalibu, na kalibu moja huzaa magamba ya ekseli za meno mbalimbali. Zinakwambia ukoo, jina la mtoto hazilijui. Kijibati kidogo ambacho hufungwa kwenye bolti ya difu, chenye kutaja aina na meno, kilikuwa kimepotea, kama vinavyopotea vingi siku difu inapofunguliwa na mtu mwenye haraka. Wakatazama nati za magurudumu. Malori mengi ya Uingereza ya zama hizo, nati za upande wa kushoto hufunguka kinyume, ili mwendo wa gurudumu usizilegeze. Hizi zote, kushoto na kulia, zilifunguka upande mmoja. Wakatazama pale springi zinapokalia ekseli. Makalio yalikuwa yamekatwa kwa gesi na kuchomelewa upya, kienyeji, ili yafikie nafasi ya springi.

Mwisho wakapima. Gurudumu moja la nyuma likabaki chini, la pili likainuliwa kwa jeki. Gia ikawekwa huru. Wakachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Mjukuu wa mzee akazungusha tairi mara mbili kamili, maana gurudumu moja likizuiwa, lililo huru lazima lizunguke mara mbili ndipo krauni imalize mzunguko mmoja. Mzee, amelala chali, akahesabu propela kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, na nusu na kidogo. Kimya. Ekseli ya gari la mbio ilikuwa imepachikwa chini ya gari la milima. Nani aliiweka, hatujui. Pengine ya kwanza ilivunjika porini wakafunga iliyopatikana. Pengine tajiri alitaka safari mbili kwa juma badala ya moja. Injini ilikuwa imelaumiwa, imefunguliwa mara mbili, imetukanwa, na ilikuwa nzima.

Lakini kujua kwamba hii siyo yake hakukutuambia yake ilikuwa ipi. Hapo jicho la fundi lilifika mwisho, akasema neno ambalo nimelihubiri mara mbili tangu siku ile: "Sasa lazima tumuulize aliyelitengeneza."

Kusini mwa Scotland kuna mji mdogo uitwao Biggar, alikotokea Thomas Blackwood Murray, mmoja wa waasisi wa Albion, na huko ndiko zinakotunzwa kumbukumbu za kampuni hiyo. Mjukuu aliandika barua pepe, akapeleka ile namba ya kwenye chesisi, siyo ya kibati. Jibu lilipofika tuliketi watatu uani na simu yake mkononi. Akasoma na kututafsiria: aina ya ekseli ya mbele, aina ya ekseli ya nyuma, meno 6 kwa 41, ukubwa wa tairi, majani ya springi kila upande. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa cheti cha ubatizo cha ndugu yake. Kisha mjukuu akafika kwenye mzigo.

"Ngapi?" mzee akauliza.

"Tani saba na kidogo, Babu."

Akaomba arudie. Akachukua chaki, akaandika kwenye madigadi: magunia 80, mara kilo 90. Ilitoka 7,200. Akaitazama hesabu, kisha akaandika chini yake 120, akaiacha hivyo bila kuzidisha. Alinyamaza muda mrefu, kuku wakapita kati yetu. "Tulikuwa tunapakia 120, Mchungaji," akasema. "Miaka yote ile. Likizima mlimani tulishuka tukalipiga kwa fimbo, kama punda. Tuliliita mvivu."

Siku hiyo hatukufanya kazi tena. Nilirudi nyumbani nikafungua Wafalme wa Pili, sura ya 22.

Mnaijua habari hiyo. Yosia alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 8. Babu yake Manase alikuwa ametawala miaka 55, na katika miaka hiyo hekalu liliingizwa vitu ambavyo havikuwa vyake, mpaka kizazi kizima kikazaliwa kikidhani ndivyo nyumba ya Bwana ilivyo. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake, Yosia akaagiza hekalu likarabatiwe. Tazameni anachoagiza: fedha wapewe maseremala, wajenzi na waashi, zinunuliwe mbao na mawe ya kuchonga. Ni mtu anayetaka kuziba nyufa. Hakuagiza kitabu kitafutwe, kwa kuwa hakujua kama kimepotea. Ni katikati ya vumbi la mafundi ndipo Hilkia, kuhani mkuu, anamwambia mwandishi Shafani kwamba amekiona kitabu cha torati humo humo ndani ya nyumba ya Bwana.

Humo humo ndani. Hakikuletwa kutoka ng'ambo. Kilikuwa chini ya tabaka za miaka, kama namba ya chesisi chini ya grisi, wakati watu wakisoma vibati vinavyong'aa.

Shafani akamsomea mfalme. Nimesoma habari hii mara nyingi, na siku zote nilikimbilia matengenezo yanayofuata katika sura ya 23: madhabahu zinabomolewa, Pasaka inarudishwa. Safari hii nilisimama kwenye aya ya 11. Mfalme aliposikia, alirarua mavazi yake. Waliokuwa wakikarabati wangeshangilia, maana mchoro wa asili umepatikana. Yeye akalia, kwa sababu kitabu kilimwonyesha palipovunjika, kikamwonyesha pia kwamba waliokuwa wakilitumia hekalu ndio waliovunja. Kabla ya kubomoa chochote alituma watu wakamwulize Bwana juu ya maneno ya kitabu hicho, nao wakaenda kwa nabii Hulda.

Mzee wetu hakurarua shati. Aliacha tu kuzidisha hesabu. Lakini nadhani nilikuwa nimeona kitu kile kile.

Somo la pili ni fupi, na lina jambo linalotutatiza. Wagalatia 6, aya ya 2, Paulo anataka tuchukuliane mizigo. Aya ya 5 anasema kila mtu atachukua wake. Je, amejisahau katika aya tatu? Hapana. Ametumia maneno mawili, na watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili walilitambua hilo: kwenye aya ya pili wameandika mizigo, kwenye ya tano wameandika furushi. Kwa Kiyunani la kwanza ni baros, uzito unaomwelemea mtu. La pili ni phortion, neno linalotumika hata kwa shehena ya chombo, kile ambacho chombo kimepangiwa kubeba. Chombo kisicho na shehena hakina kazi baharini, na kumnyang'anya mtu furushi lake ni kumdharau. Ila zaidi ya shehena kuna uzito unaoangukia watu, msiba, deni, ugonjwa wa mtoto, na huo Paulo anataka uenezwe kwenye mabega mengi.

Kwenye mizani yetu ya Makambako jambo hili linaonekana kwa macho. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, haikomei kwenye jumla ya tani 56. Ekseli ya usukani ina kikomo chake, tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Nimeongea na madereva waliosimamishwa pale jumla yao ikiwa safi kabisa. Mzigo ulikuwa halali, ila ulikuwa umelala kwenye ekseli moja. Wanachoambiwa ni kupanga upya, au walipe faini. Barabara haijui jumla. Barabara inaujua uzito pale tairi linapoigusa.

Sasa niwaambieni dhambi yangu. Miaka michache iliyopita nilipeleka taarifa ya usharika makao makuu ya jimbo, nikasifiwa. Kwaya tatu, shule ya Jumapili imejaa, jiko la wageni halizimi, mfuko wa wajane unaendelea. Jumla ilikuwa nzuri. Lakini chini ya jumla ile kulikuwa na mama mmoja. Yeye kwaya, yeye shule ya Jumapili, yeye ufunguo wa jiko, yeye daftari la wajane. Kila nilipohitaji mtu nilimwita yeye kwa sababu hakuwahi kukataa, nikakuita huko kukubali kwake kipawa. Alipoanza kuchelewa, kisha kukosa, kisha kutoonekana kabisa, tuliketi kwenye baraza la wazee tukasema amepoa kiroho. Tukapanga kumtembelea tukamwombee. Tulifungua injini, wapendwa. Injini ilikuwa nzima. Na aliyepakia ni mimi.

Nyumbani kwenu mnawajua wa namna hii. Yuko binti mkubwa aliyeko Dar, anayelipa ada za wadogo zake wanne na bado anaitwa mchoyo kwa sababu mwezi wa tano hakutuma. Yuko mwinjilisti mwenye mitaa mitatu na baiskeli moja. Yuko kijana aliyefungwa difu isiyo yake: alizaliwa mtu wa subira, mkono wake unajua mbao, lakini baba alitaka daktari, akamtoa kwenye karakana na kumsukuma tambarare akimbie na wenye mbio. Mlima wa kwanza alizima. Sasa kila mtu mtaani anamwita mvivu, na ubaya zaidi, yeye naye ameanza kujiita hivyo.

Kabla hujamwita mtu mvivu, chuchumaa kama fundi yule. Zunguka nyuma. Tazama nati zake zinafunguka upande gani, tazama palipochomelewa. Kuna alama kwa kila mtu aliyebadilishwa: mahali anapochoka kwanza, kazi inayompa usingizi mzuri, kitu alichokuwa akikifanya akiwa mtoto bila kutumwa. Bibi yake anajua. Mwalimu wake wa darasa la tatu anajua. Waulizeni.

Lakini alama hutufikisha mahali kisha zinaishia hapo. Fundi mwenye jicho zuri kuliko wote alituambia kipi si chake. Kilicho chake kilisemwa na aliyeunda. Ndiyo maana tunafungua Neno kila juma. Wengine wanalifungua kama trafiki anavyofungua kitabu cha faini. Mimi ningependa tulifungue kama ile barua kutoka Biggar: tusikie tuliumbwa kubeba nini, na pia tusikie kiasi. Maana Bwana wetu aliwakemea, katika Mathayo 23:4, viongozi wa dini waliofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani huku wenyewe hawagusi hata kwa kidole. Mathayo alipoandika mizigo hiyo alitumia neno lile lile la shehena. Shehena ilikuwa halali, wapakiaji wakaizidisha. Na katika sura ya 11 ya Mathayo huyo huyo, Yesu anawaita waliolemewa, anataja shehena yake kwa neno hilo hilo, na kusema ni nyepesi. Anatuvika nira, ndiyo, kwa hiyo kazi ipo. Ila aliyetuvika ndiye aliyetuunda, na anajua majani ya springi zetu ni mangapi.

Tukijua, tufanye nini? Mzee wetu alifanya mambo mawili, na yote mawili yalichukua muda. La kwanza, alitafuta ekseli ya asili. Aliipata kwenye mfupa wa Albion nyingine, katika shamba la zamani la mkonge kule Morogoro, nati za kushoto zikifunguka kinyume kama inavyotakiwa, na difu ilipofunguliwa, 6 na 41 zikaonekana zimegongwa kwenye krauni. La pili lilinishangaza zaidi. Aliteremsha springi za nyuma, akahesabu majani, yakawa mengi kuliko ya kwenye barua. Watu wa zamani walikuwa wameongeza majani ili lori libebe 120 bila kulala. Vijana wakamsihi ayaache, yanaongeza nguvu. Akayatoa moja moja. "Haya hayakuongeza nguvu," akasema. "Yalificha tu kwamba limeelemewa."

Nimefikiria sana majani hayo. Sisi nasi huwaongezea watu majani. Tunamwambia mama yule kwamba yeye ni shujaa, ni nguzo ya kanisa, tunampa cheti mbele ya usharika na khanga mbili, na kesho yake tunampa daftari lingine. Sifa zetu zinamzuia asionekane amelala upande. Juma hili nitakwenda kwake. Siendi kumwombea arudi kwenye kazi. Nakwenda na daftari la wajane nilichukue, na kumwuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, katika zile kazi nne ni ipi iliyokuwa yake.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno. Mtaa wa mbali uliomba lori la mzee lilete sadaka ya mahindi, nami nikaenda kuona wakipakia. Mjukuu, ambaye anaijua barua ile kwa moyo, alikuwa juu akipokea magunia na kuhesabu kwa sauti. Alipofika 60, babu yake akagonga ubao kwa kiganja.

"Inatosha. Funga turubai."

"Babu, karatasi inasema 80."

"Karatasi ni ya siku lilipozaliwa," mzee akasema, akiupapasa ubao. "Limeshabeba ya kwake na ya wengine. Sasa litabeba 60."

Magunia yaliyobaki yakaenda kwenye pikapu ya jirani na kwenye mikokoteni miwili ya ng'ombe. Tulifika kanisani kwa msafara, lori mbele kwa mwendo wake wa pole, ng'ombe nyuma. Kilima kile cha kwanza lilikipanda kwa gia ya pili bila kutetemeka.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyetuumba na kutujua kabla majina yetu hayajabadilishwa, tusamehe tuliowapakia wenzetu kupita kiasi na kisha tukawaita wavivu. Wanaolaumiwa kwa mlima walioshindwa kuupanda, wape watu wa kuwachuchumalia na kuwatazama. Wanaosoma kibati cha mwingine wakidhani ni jina lao, warudishie namba uliyoigonga wewe. Na waliobeba muda mrefu, uwatulize kwenye magunia 60. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.